Fundo Lako Kwenye Boneti

Kwako Baba, fundi wa gereji ya shamba la chai,

Nimekukasirikia wiki nzima, na kwa kuwa huwezi tena kuniambia ninyamaze, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi nilipeleka maziwa kwenye klabu ya wenye mashamba, hapa Kericho. Miaka hii ya tisini ndiyo kazi yangu: nakamua Sotik alfajiri, pikapu ya jirani inanileta. Nikakuta magari ya zamani ya mashindano yamepangwa kwenye nyasi, na wageni wamekuja kuyatazama. La tatu nililijua hata kabla sijatua mikebe. Jembamba, refu, kiti kimoja, magurudumu yote manne nje bila madigadi. Gari lako, Baba.

Nasema lako. Najua bwana wa shamba ndiye aliyelinunua na kulikimbiza. Lakini ni wewe uliyelilalia chini, na mimi ndiye niliyekupasia spana. Unakumbuka ulivyoniketisha kwenye kile kiti, miguu haifiki popote? Ukaniambia, "Shika usukani, lakini usijivune, halina mafuta."

Na unakumbuka asubuhi ya mbio za Nakuru. Ulikuwa umekamua kwanza, ukasahau mfukoni ule ukanda wa ngozi wa kumfunga ng'ombe miguu ya nyuma. Mama alitukana usiku mzima, maana bila ukanda yule ng'ombe mwekundu jioni alipiga teke mkebe, maziwa yote chini. Kumbe huko Nakuru kifungio cha boneti kilikuwa kimekatika, na wewe ukafunga boneti kwa ukanda wetu, kwa fundo letu la zizini. Gari likashinda. Kwenye picha bwana ameshika kikombe, na wewe umeonekana mkono tu.

Nilikuuliza kwa nini hukusema kitu. Ukanijibu, "Wacha tu. Gari linanijua."

Baba, gari halisemi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Mbele yake waliweka kadi iliyochapwa vizuri, ikisema limeundwa na kutunzwa kwa mikono ya mwenyewe. Mwenyewe! Mtu aliyekuwa anakuita ukaze plagi. Nilisoma mara mbili, nikahisi machozi, halafu nikayakataza.

Mtoto wa bwana, mzee sasa mwenye mvi, alikuwa ameahidi wageni kwamba injini itawashwa saa sita. Boneti haikufunguka, maana tangu uondoke hakuna aliyeijaribu. Walivuta ule ukanda kwa mikono, wakavuta kwa koleo, na fundo lile ukilivuta ndio linakaza. Mmoja akaitisha kisu. Mwingine akamwambia akikata, gari si la asili tena, na wao walikuwa wamejisifu kwamba hakuna kilichobadilishwa tangu siku ile ya kikombe.

Nikavuka kamba ya kuzuia watu. Mlinzi, kijana mpole kutoka upande wa ziwa, akanifuata mbio.

"Mama, maziwa inaenda jikoni."

"Jikoni napajua. Nimekuja kwa gari ya baba yangu."

Walicheka. Mimi nikainama, nikasukuma fundo kwanza, kama ulivyonifundisha, nusu kidole tu, kisha nikavuta ncha fupi. Ukanda ukaanguka mkononi mwangu. Kicheko kikaisha.

"Umejuaje?" mzee akaniuliza.

"Aliyefunga ni baba yangu. Arap Sang'."

"Yule turnboy wa baba, wa kubeba vifaa?"

"Fundi."

Akashukuru, tena kwa adabu, akasema niletewe kiti ninywe chai. Chai, Baba, mimi niliyezaliwa ndani ya chai. Nikarudisha ukanda mahali pake, nikafunga tena, nikakaza. Akaniangalia kama mtu aliyepigwa na mlango.

"Sasa nini, mama? Fungua, watu wanangoja."

"Andika jina lake kwanza."

"Kadi imeshachapwa."

"Kalamu haijakatazwa."

Klabu ile ndiyo inayonunua maziwa yangu, na wangeweza kunifukuza pale pale. Lakini hata Mgala muue na haki yake umpe, na wewe hukuwahi kupewa. Nikasimama. Mzee alitazama saa, akatazama wageni, akatoa kalamu mfukoni. Akainamia sehemu ya chini ya kadi.

"Si hapo," nikamwambia. "Chini ya hili gari alilala vya kutosha. Andika juu."

Akaandika juu. Arap Sang', fundi. Nilimngoja amalize, ndipo nikafungua. Injini ilikohoa, ikashika, na harufu ya mafuta ikanirudisha gereji moja kwa moja. Hapo nililia, na sikumficha mtu.

Mzee aliniomba nimfundishe lile fundo. Nilikataa. Walipomaliza kulingurumisha gari, fundo nililifunga mwenyewe, nikachukua mikebe yangu nikaenda zangu. Ile kadi wakitaka watachapa nyingine. Lakini siku wakitaka kufungua boneti watalazimika kunitafuta, na kwa kuwa hawajui jina langu, wataanza kwa kuuliza, binti wa Arap Sang' yuko wapi?

Lala sasa, Baba. Umesemewa.

Binti yako, mpasia spana,
Chebet