Mita ya Gesi ya Bi Hamda

Mwanabaraka, wallahi roho inaniuma.

Leo mkaguzi wa gesi kaja kwa Bi Hamda, bibi wa mlango wa pili. Kakuta bomba la mita halina waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini. Umeme ukivuja, akiligusa tu amekufa!

"Bibi, unakaa na nani?"

"Na mwanangu." Akaita, "Luay! Njoo, baba!"

Akaita tena! Na Luay yuko Maskati, huku kwetu Nizwa hajaja tangu Idi, hata simu hapokei.

Mkaguzi akangoja. Mwisho bibi akainamisha kichwa: "Niko peke yangu."

Mkaguzi akafunga gesi. "Kesho fundi ataunga waya, nami nitarudi kukagua."

Sasa bibi yuko jikoni kwetu, anampikia mkaguzi mkate wa kumimina. Namwambia apumzike, hataki.

"Kasema atarudi, Saliha. Kasema mwenyewe."