Birika la Mchana wa Ramadhani

Mdogo wangu Mundhir,

"Dada, vifaa hivi vinakulinda tu," uliniambia. Si kweli! Uliliunganisha birika langu la umeme na simu za familia nzima, hata ya mkwe wangu Nizar, na kila likichemka anaona.

Jana alinipigia akicheka. "Mama, nani huyo anachemsha chai mchana wa Ramadhani?"

"Ni maji ya kukandia goti langu, mwanangu," nikamdanganya.

"Basi Ijumaa nakuja kulikanda mwenyewe."

Anayekunywa chai ni binti yangu Ulfa, niliyemficha hapa. Alimkimbia mumewe, Nizar huyo huyo, akiwa na mbavu alizomvunja, hivyo hawezi kufunga. Nikilizima birika, Nizar atajua nina la kuficha.

Barua hii anaileta dereva wa teksi, maana simu naziogopa. Wewe ndiye uliyemwingiza Nizar jikoni mwangu. Njoo hapa Sfax umchukue Ulfa kabla ya Ijumaa.

Dada yako,
Zuhra