Paka wa Katuni na Habari ya Bibi

Kaka yangu Khalfan,

Nna habari nzito ya kukupa, ambayo mama alikuwa hataki uandikiwe. Keti kwanza, kisha unisome taratibu. Mimi si hodari wa kusema, wanijua, kwa hiyo naanza mbali kidogo.

Umetuandikia kwamba huko Misri umeona katuni za Kizungu kwenye televisheni, za namna ileile ya paka na jogoo. Hapa Matrah tulikohamia hatuna televisheni, lakini nilipoyasoma maneno yako nilikumbuka Unguja, lile onyesho la sinema la wanawake peke yao ambalo Bibi alikuwa akitupeleka. Kabla ya filamu yenyewe walikuwa wakituonyesha katuni hizo.

Unakumbuka mkata tiketi alipokuzuia mlangoni? "Bibi, huyu ni mwanamume huyu! Kesho kutwa utamwoza!" Bibi akamjibu, "Mwoze wewe, kama una binti! Urefu kaurithi tu." Hata hivyo hukuingia. Tangu siku ile nikawa naangalia mimi, nikirudi nakuhadithia barazani.

Na tulivyokuwa tukibishana! Wewe huuliza, "Juzi paka si kaangukiwa na kabati, akawa bapa kama chapati? Leo miguu kaipata wapi?" Nikikwambia kila katuni ina mwanzo wake na mwisho wake, na paka hakumbuki kitu, huridhiki. Wewe ulizitaka kama filamu za mfululizo, mtu akiumia leo, wiki ijayo aje na bendeji. Basi nikawa naziunga mwenyewe: paka anachechemea, jogoo anamwonea huruma. Ukacheka, "Huyo paka wako, si wao." Katika ule ubishi wetu wa kwanza Bibi alinitetea mimi. "Mwacheni paka apone," alisema, "watu wamelipa wacheke."

Mimi bado nazipenda zile za kumalizika palepale. Zinapumzisha. Ila nimeona barua zetu nazo zimekuwa hivyo: kila moja inaanza "sote hatujambo", kana kwamba hakuna lililotokea tangu ile ya kabla yake. Nilimwambia mama. Akasema, "Yuko ugenini peke yake, na ana mitihani. Msiba haandikiwi mtu asiye na wa kumpa mkono wa pole." Ndivyo tulivyolelewa, na sikumbishia. Lakini mitihani umeshamaliza, na kila barua unamuulizia Bibi. Jana mama mwenyewe akaniambia, "Basi mwandikie. Kwa upole."

Kaka, Bibi amefariki. Ilikuwa mwezi wa Rajab, hapa nyumbani, baada ya sala ya alfajiri. Hakuumwa sana, kifua tu, na chakula kikawa hakimpiti. Alikutaja. Tulimzika siku ileile, na majirani waliotoka Unguja walikuja kusoma khitma pamoja nasi. Tangu hapo mama haingii chumba cha Bibi. Nguo zake nimezikunja mimi. Shule nimeshaacha, nashinda na mama jikoni, na mara nyingine tunapika chakula cha mtu mmoja zaidi.

Leo usikae peke yako. Mwambie hata rafiki mmoja. Na utakapotujibu, usituandikie kwamba hujambo ili kutufurahisha. Tuandikie ulivyo.

Mdogo wako anayekuombea