Moshi Katika Jicho la Kushoto

Jumatano, 17 Desemba

Mwezi wa Margazhi umeanza. Nimechora pambo la kolam mlangoni kabla mtaa haujaamka — unga wa mchele, mstari mmoja unaozunguka nukta zote bila kukatika. Jirani yangu Alamelu akapita na ndoo: dada, nukta moja umeiacha nje. Nikamwambia aangalie mlango wake. Madurai nzima haina mkono kama wangu! Lakini alisema kweli. Katikati ya jicho la kushoto pana moshi.

Ijumaa, 19 Desemba

Joto la mwili tu. Hizi sindano ninazochomwa kwa ugonjwa wa viungo zinachemsha damu. Nimejipaka mafuta ya ufuta utosini, nikaoga, nikanywa mtindi. Moshi uko palepale. Poongodi, mke wa mwanangu, anasema twende hospitali. Nimenuna, ila nitakwenda.

Jumatatu, 22 Desemba

Daktari Thenmozhi ni msichana mdogo, ila hababaiki. Akamulika, akamulika tena. Vipimo. Kasema sindano za viungo hupunguza kinga ya mwili, na kifua kikuu kilichokuwa kimelala mwilini kimeamkia nyuma ya jicho. Kifua kikuu? Mimi sikohoi! Na kabla ya sindano nilipimwa, nikaambiwa ni msafi. Kasema si lazima kukohoa, na kipimo huweza kukosea. Sindano zisimame. Vidonge, miezi mingi. Jicho huenda likapona, huenda likabaki hivi.

Poongodi amelia njia nzima. Mimi sikulia. Jicho lina kazi nyingine.

Jumanne, 6 Januari

Mkojo rangi ya chungwa, ni hivi vidonge. Bila sindano vidole vimevimba, kubana unga ni mateso. Bado nachora. Moshi umepungua — au najidanganya.

Watu wa mchumba wa Yazhini, mjukuu wangu, watakuja sikukuu ya Pongal. Poongodi ananisihi: Mama, tuseme ni sukari. Sukari iko kila nyumba. Wakilisikia hilo jina lingine, nani atamwoa mtoto? Nikamjibu kwamba kikiwa jichoni tu hakimrukii mtu, daktari kasema. Akasema watu hawatasubiri kusikia hadi hapo.

Yazhini alikuwepo. Hakusema neno. Hilo limeniuma kuliko vidole.

Jumamosi, 17 Januari

Naandika jikoni, kahawa iko motoni. Wageni wako sebuleni.

Mama wa kijana aliizunguka kolam yangu asiikanyage. Mtu wa adabu. Akauliza nani kachora. Nikasema mimi, kwa jicho moja na nusu. Poongodi akadakia: sukari hiyo, sukari tu. Nikasema kwa sauti, na baba wa kijana asikie: si sukari, ni kifua kikuu cha jicho, natibiwa, siambukizi mtu. Mgongo wangu ulinyooka kama wa bibi harusi.

Baba mtu akaweka sahani chini. Nikaja huku, Poongodi nyuma yangu. Anasugua sufuria iliyo safi. Ananiambia: Mama, umemmaliza mtoto.

Sasa namsikia Yazhini, peke yake mbele yao. Anasema bibi hajakosea. Anasema yeye ndiye anayenipa vidonge kila asubuhi, wenye swali wamuulize yeye.

Baba mtu anauliza kitu, sauti ya chini, sikipati. Yazhini anajibu polepole, hakwami. Ni damu yangu ile!

Kiti kimeburutwa. Sijui baba mtu anainuka aondoke au anasogea karibu. Poongodi ameacha kusugua, na Yazhini bado anaongea —