Dakika Tatu za Mama

Dodoma, 4 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ni mjukuu wako Joel tu na mafua yake. Goti lako je? Na wale mbuzi waliokuwa wanakohoa?

Nina ombi, usininunie. Kuna mkutano wa nchi nyingi juu ya intaneti, unafanyika ng'ambo, wanaandika mapendekezo kuhusu vijiji visivyo na mtandao. Sisi tunashiriki kwa skrini, hapa ukumbini kwetu ofisini. Ukitaka kusema, tunabonyeza kitufe cha kunyoosha mkono, mwenyekiti anakuita, unapewa dakika tatu. Hilda wa ofisini atatafsiri. Nimeandikisha jina lako, tarehe 20.

Waeleze ulivyopanda kilima mwaka juzi kutafuta mtandao ili uite gari la wagonjwa, nilipokuwa najifungua hapo kwako, na mtoto akatutoka. Mimi nikisema nitalia. Sema wewe.

Jibu mpe Halfani wa basi.

Mwanao,
Debora

Nyumbani, Mpwapwa, 9 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima, goti ni uzee tu. Mbuzi mmoja tumemla, wengine wanaruka.

Wewe mtoto una mambo! Mimi nikaongee na Wazungu kwenye skrini, nimekalia kile kiti chenu chenye magurudumu? Mchukue mwenyekiti wetu Sila, huyo anahutubia hata kwenye misiba isiyomhusu.

Lakini umeandika kwamba utalia. Basi nitakuja.

Mama yako

Dodoma, 22 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Umefika salama? Nimeamka nikakuta kitanda kimetandikwa na wewe umeshaondoka, hata chai hukunywa.

Nimekasirika, sikufichi. Dakika tatu nzima! Umewaamkia wote kwa Kigogo, "Mbukwenyi", ukawauliza mvua zimenyesha, watoto hawajambo, mifugo je. Hilda anatafsiri jasho linamtoka. Mwenyekiti wa watu akatabasamu kwa adabu, halafu akazima maiki yako hata kilimani hujafika. Na tulifanya mazoezi mara nne, Mama!

Bado wanapokea maoni ya maandishi hadi tarehe 13 Desemba, wanayasoma kwa sauti mkutanoni. Niandikie basi.

Mwanao,
Debora

Nyumbani, 8 Desemba 2024

Debora,

Leo sikusalimu. Ngoja niseme kwanza.

Siku ile kilimani simu ilishika. Nesi akapokea. Nikamwamkia, maana huwezi kumrukia mtu na shida yako kama hukulelewa. Nikamwuliza za kazi, za nyumbani. Naye akaitikia, akaniuliza za kwangu. Nilipofungua kinywa kutaja kijiji, simu ikazima, chaji imekwisha. Nikashuka mbio kwa Sila, nikachukua simu yake, nikapanda tena. Saa nzima ikapita. Wote niliwaambia mtandao ulikataa. Hata wewe nilikudanganya.

Pale kwenye skrini mdomo ulianza wenyewe kusalimia. Nikajisikia, nikakumbuka, nikaona heri dakika ziishe. Ningesemaje mbele yako kwamba mjukuu wangu nilimwua kwa salamu?

Sasa umejua. Ukinichukia nitaelewa.

Mama yako, kama bado

Dodoma, 11 Desemba 2024

Mama yangu, mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea chooni ofisini, nimefunga mlango, nimelia mpaka Hilda akaja kugonga.

Sikuchukii. Wewe unahesabu simu ya kwanza. Mimi nilikuwa nimelala kwenye damu yangu, nikasikia unapita dirishani unakimbia kurudi juu, na goti hilo. Gari lililokuja liliitwa na simu ya pili. Daktari alisema nusu saa zaidi na mimi ningekwenda. Niko hai kwa sababu yako.

Kungekuwa na mtandao hapo nyumbani, ungeazima simu kwa jirani palepale, ukatoa salamu zako zote, na bado tungewahi. Hilo ndilo wanalopaswa kusikia. Niruhusu niitume barua yako kama ilivyo. Ukikataa, naichana. Halfani anasubiri jibu.

Mwanao, siku zote,
Debora

Nyumbani, 12 Desemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Joel hajambo? Mimi usiku wa kuamkia leo nimelala mpaka jua likaniingilia ndani, majirani wakaja kuuliza kama naumwa.

Itume. Jina langu liandike lote, wasije wakaweka "mama mmoja wa kijijini".

Na pale niliposema mjukuu wangu: tulimzika ukiwa bado hospitali, na hakuna aliyempa jina. Mimi nikiwa peke yangu namwita Anitha, tangu siku ile. Kama unakubali, naye mwandike.

Mama yako