Oili Nyekundu Kupita Kiasi

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe kapiga simu. Anakuja Jumamosi kukagua gari! Alitupatia miaka mitatu iliyopita kwa sharti moja: oili ya giaboksi ibadilishwe kila kilomita elfu sitini, la sivyo analichukua. Kaniuliza kama nimebadilisha. "Tayari, Baba." Ulimi hauna mfupa. Kumbe giaboksi nayo ina oili yake! Mimi nilidhani ni ile ile ya injini.

Jumanne, 5 Machi
Kwa fundi. Kachomoa kijiti cha kupimia, kakifuta, kanusa. Oili nyeusi tii, inanuka kuungua, na inatakiwa iwe nyekundu. Akauliza ilibadilishwa lini. Majuzi, nikasema.
"Majuzi ya mwaka gani, bosi?"
Ikabadilishwa hapo hapo. Nikamwapisha asimwambie mtu, hasa mke wangu — yeye hamfichi baba yake kitu. Fundi akasema mdomo wake umekazwa kwa spana. Gari sasa linaingia gia kimya kimya. Nimefurahi mno.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu katoka na gari, kachelewa saa mbili nzima. Eti alikuwa saluni. Nywele ni zile zile. Nikazisifu. Mimi mtu wa amani.

Ijumaa, 8 Machi
Baba mkwe kawahi siku moja! Lakini hakufungua hata boneti. Kaomba ufunguo, akanunue gazeti. Magazeti yanauzwa hapo kona, dakika mbili kwa miguu. Karudi jioni bila gazeti, anapiga mluzi.

Jumamosi, 9 Machi
Naandikia chooni. Nimejifungia.
Asubuhi tulisimama sote watatu mbele ya boneti. Baba mkwe kachomoa kijiti. Oili nyekundu, safi! "Hongera, mkwe wangu," akasema — na wala hakukitazama. Mke wangu akashusha pumzi kuliko mimi. Gari letu, nikasema moyoni.
Mara fundi huyo getini, na mfuko. Kuna vitu vimesahauliwa gereji wiki hii, akasema. Katoa mtandio wa mke wangu. Katoa kofia ya baba mkwe. Nikamvuta fundi pembeni.
"Bosi, kila mmoja aliniapisha. Niliwaambia oili bado mpya, hawakutaka kusikia. Na mzee kasema hakuwahi kuibadilisha tangu anunue gari hadi akawapa, binti yake asijue."
Mara tatu ndani ya siku nne! Mwenye sharti mwenyewe! Giaboksi imeoga kuliko mimi.
Mke wangu kamkaribisha fundi chai. Sasa wako sebuleni, hakuna aliyekiri. Nasikia baba mkwe, sauti ya ukaguzi ile ile: hebu fundi atueleze, oili hii hubadilishwa kila baada ya muda gani?
Fundi anakohoa. Mke wangu anakohoa.
Fundi anauliza — kwa watu wengine, au hapa kwenu?
Sasa wananiita mimi —