Barafu ya Deodatha

Ihembe, Karagwe

Shemeji Cleophace,

Habari za huko Rugu? Sisi wazima, kahawa imeiva vizuri.

Nimesikia uliyosema kwenye kikao cha ukoo: eti binti yangu Deodatha anachezea barafu huko Norwei, arudi aolewe, na mimi mjane wa kaka yako nikuachie kibanja, shamba letu la migomba na kahawa. Anachezea? Maabara nzima inamsikiliza yeye! Wanaweka barafu ya bahari juu ya mchanga, mashine inaisukuma, naye anapima inavyogoma kuteleza. Juzi kaniambia kwenye simu, “Mama, ukiilemea kwa uzito ndiyo kwanza inazidi kung'ang'ania.” Nikacheka, nikakukumbuka.

Karibu Jumapili, nitakupikia ndizi na maharage. Ule, ushibe, halafu unisukume. Kibanjani sitoki.

Shemeji yako akupendaye,
Mama Deodatha